Kuita wageni kwenye bafe bila fujo

Wenye shughuli hapa Tanga, iwe ukumbi wa Raskazone au turubai Ngamiani, mwambieni MC asitangaze kwenye maiki "haya jamani chakula tayari karibuni", akishasema hivyo tu ukumbi mzima unasimama kwa mpigo mmoja na foleni inafika hadi kwa DJ. Wekeni namba kwenye meza, halafu mtu wa kamati apite meza kwa meza awaguse bega, "shangazi, zamu yenu", maiki inyamaze kabisa na muziki uendelee. Meza inayofuata iitwe pale mtu wa mwisho wa meza iliyotangulia ameshafika kwenye pilau, sio kabla. Na baada ya meza kuu anzeni na za nyuma maana wale ndio huwa wanakuta makombo halafu lawama mwaka mzima, za mbele wanaona sufuria kwa macho yao hawana wasiwasi 😄

Bafe isogezeni mbali na ukuta watu wajipakulie pande zote mbili, ila nyama na kuku asimame mhudumu na kijiko chake, ukiacha kila mtu ajichotee meza ya kumi itakula wali na kachumbari. Wazee na wajawazito wapelekewe sahani walipo. Kingine watu wanasahau ni maji ya kunawa, yakikaa pale pale kwenye sahani foleni inaganda, pelekeni birika na beseni mezani kabla hawajaitwa.