Kabla Hujalipia Darasa la Yoga: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayeanza

Wengi wanaoacha yoga mapema huwa hawajashindwa na yoga, wameshindwa na darasa. Mtu ambaye hajagusa vidole vya miguu tangu utotoni anajikuta katikati ya watu wanaobadilisha mkao kila wanapovuta pumzi. Mwalimu yuko mbele, anaonyesha na kuendelea, na mgeni kipindi kizima shingo iko upande, anachungulia jirani amefika wapi. Kesho yake bega linauma, wiki inayofuata harudi. Mambo yaliharibika siku alipochagua kwa kutazama picha na ratiba, bila kuuliza lolote kuhusu anayefundisha na mwendo wa kipindi.

Kabla ya kutafuta studio, jikague mwenyewe. Andika kila sehemu ya mwili iliyowahi kufanyiwa upasuaji, kuvunjika au kuuma kwa muda mrefu, na ugonjwa wowote unaotumia dawa kwa ajili yake. Kisha nenda na orodha hiyo kwa daktari, ila usimuulize tu kama unaruhusiwa kufanya yoga. Swali hilo ni pana mno, maana yoga ni kila kitu kuanzia kulala chali juu ya mito hadi kusimama kwa kichwa. Muulize mahususi: naweza kukaa kichwa kikiwa chini ya moyo? Naweza kuinama mbele mgongo ukiwa umejikunja? Naweza kubeba uzito wa mwili kwa viganja? Naweza kufanya mazoezi kwenye chumba cha joto kali?

Maswali hayo yana sababu zake. Kichwa kikiwa chini, presha ndani ya jicho hupanda, hivyo mwenye glakoma huambiwa aepuke kusimama kwa kichwa, na hata mkao wa kila siku kama mbwa anayetazama chini (viganja na nyayo sakafuni, makalio juu) unafaa kuzungumzwa kwanza na daktari wa macho. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa naye asikimbilie mikao ya kupindua mwili. Diski ya kiunoni iliyochomoza huchokozwa na kuinama kwa mgongo uliojikunja, na kwa mtu ambaye mifupa yake imedhoofika, mkao huohuo unaweza kupasua pingili za uti wa mgongo, hasa ukiongezewa msokoto. Mjamzito atafute darasa la wajawazito. La kawaida lina kulala kifudifudi na misokoto ya tumbo, na mwalimu hawezi kusimamisha watu wote kila mara ili ampe mkao mbadala.

Goti nalo ni bawaba: limeumbwa kukunja na kukunjua. Kwenye mikao ya kukaa na miguu iliyokunjwa, kinachotakiwa kugeuka ni nyonga. Nyonga isipofunguka, msokoto wote huishia gotini, na goti halina subira. Halafu kuna kundi linalosahaulika, la wenye viungo vilegevu kwa asili. Hawa husifiwa darasani kwa kufika mbali siku ya kwanza, wakati ndio wanaotakiwa kuzuiwa wasifike huko. Wao wanahitaji nguvu za misuli kuliko kunyooshwa zaidi.

Majina yaliyo kwenye ratiba yanasaidia, lakini nusu tu. Hatha kwa kawaida ni mwendo wa taratibu, mkao mmoja ukishikiliwa kwa pumzi kadhaa, ila jina hilo ni pana na kila studio hulitumia itakavyo. Vinyasa ni mikao inayofuatana na pumzi bila kusimama, na katikati yake kuna mzunguko unaojirudia: ubao (mwili umenyooka juu ya viganja na vidole vya miguu), kushuka kwa kukunja viwiko, kifua mbele, kisha mbwa anayetazama chini. Ndani ya saa moja mzunguko huo unaweza kurudiwa mara nyingi sana, na asiye na nguvu za mikono huanza kuporomoka kwenye ule mshuko, mabega yakizama chini kuliko viwiko. Hapo ndipo sehemu ya mbele ya bega huanza kuuma. Suluhisho ni kuweka magoti chini kabla ya kushuka. Mwalimu asiyetaja hilo hata mara moja hafundishi wanaoanza, hata kama tangazo linasema anafundisha.

Ashtanga ni mfuatano maalumu wa mikao, uliosambazwa na K. Pattabhi Jois kutoka Mysore, India. Darasa lake la kuongozwa, ambapo wote huenda pamoja kwa hesabu, ni gumu kwa mgeni. Lile linaloitwa mtindo wa Mysore hutisha kwa kulitazama, kila mtu akifanya lake kimya, lakini linamfaa anayeanza kuliko inavyodhaniwa: unapewa mikao michache, unairudia, na huongezewi mpaka uikumbuke. B.K.S. Iyengar (1918–2014), aliyefundisha Pune na ambaye, kama Jois, alikuwa mwanafunzi wa mwalimu wa yoga Krishnamacharya, ametuachia mtindo wa matofali (vipande vyepesi vya kujiegemeza), mikanda, viti na mablanketi, ili mwili usiofika usaidiwe badala ya kulazimishwa. Maelekezo ni mengi na mkao hushikiliwa muda mrefu. Anayetaka jasho tu huchoshwa na maneno hayo, ila mwenye mgongo mgumu, au aliyeanza akiwa mtu mzima, akikosa pa kuanzia aanzie hapo.

Yin huonekana laini kwa sababu watu wamekaa chini, kumbe mkao mmoja hushikiliwa dakika 3 hadi 5 au zaidi, na wenye viungo vilegevu wawe waangalifu nayo. Kuna pia vipindi vya kupumzisha mwili, ambapo mito na mablanketi hubeba uzito wote na hakuna cha kunyoosha kwa nguvu. Hivyo karibu mtu yeyote anaviweza. Mfumo wa Bikram ni mikao 26 na mazoezi 2 ya pumzi kwa dakika 90, kwenye chumba chenye joto la nyuzi 40 za Selsiasi hivi. Joto hilo hukufanya ujione mlegevu kuliko ulivyo, na ni rahisi kupita kiwango chako bila kusikia. Usianzie huko.

Jihadhari na maneno "viwango vyote". Mara nyingi maana yake ni kwamba kila mtu anaruhusiwa kuingia, si kwamba kila mtu atafundishwa. Kinachomfaa mgeni zaidi ni kozi ya wanaoanza yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, watu walewale na mwalimu yuleyule. Kama hakuna, tafuta kipindi kilichoandikwa wazi kuwa cha wanaoanza au cha misingi.

Piga simu. Uliza ni watu wangapi huhudhuria kipindi hicho siku ya kawaida: wakiwa 8 hadi 12 mwalimu anaweza kukuona, wakifika 30 atakuona kwa bahati. Uliza kama mwalimu huzunguka kati ya mikeka au hufanya mazoezi yake mbele, kipindi kina dakika ngapi, na kama matofali na mikanda ipo ya kutosha watu wote. Mwisho mtajie aliyepokea simu tatizo lako moja la mwili, usikilize jibu. "Njoo tu, yoga inatibu" ni jibu la kukata simu. Jibu zuri huja na swali: linauma wakati gani, umeshaonwa na daktari, unaweza kupiga magoti?

Vyeti vina thamani yake, mradi ujue vinasema nini. Cha kawaida ni cha mafunzo ya saa 200. Yoga Alliance ya Marekani huorodhesha walimu waliohitimu kwenye shule ilizozisajili, lakini anayempima mwalimu ni shule yenyewe. Saa 200 za mfululizo zinaweza kuisha ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo uliza pia amefundisha miaka mingapi na amewahi kufundisha watu wenye tatizo kama lako. Mafunzo ya ualimu wa Iyengar huchukua miaka, na mwanafunzi huanza kwa kuwa mwanafunzi wa kawaida.

Ila cheti kizuri kuliko vyote ni dakika kumi za kutazama. Studio nyingi zitakuruhusu kukaa pembeni ukiomba kwa adabu. Subiri mkao wa mbwa anayetazama chini. Tafuta kwa macho yule mwenye misuli migumu nyuma ya mapaja. Akiambiwa "nyoosha miguu, visigino chini", kiuno kitajikunja, uzito wote utasogea mbele, na ataanza kutetemeka mabega. Mwalimu anayejua kazi atamfikia, au atasema kwa sauti: kunja magoti, inua visigino, sukuma makalio juu na nyuma mpaka mgongo unyooke, gandamiza shina la kidole gumba na la shahada ili kifundo cha mkono kisibebe kila kitu. Yule mwingine ataendelea kuhesabu pumzi. Tofauti ya walimu hawa wawili ni kubwa kuliko tofauti ya Hatha na Vinyasa.

Tazama pia mikono ya mwalimu. Kumshika mwanafunzi ili kumrekebisha ni jambo la kawaida kwenye yoga, lakini ruhusa huombwa kwanza, na kukataa hakuhitaji maelezo. Baadhi ya studio huweka kadi kwenye mkeka kuonyesha nani anakubali kuguswa. Mwalimu anayemsukuma mtu mgongoni ili ainame zaidi, awe ameomba ruhusa au la, mwepuke. Hatari hiyo huangukia kano za misuli ya nyuma ya paja pale zinaposhikana na mfupa wa makalio, na zikijeruhiwa hapo hupona polepole sana. Na anayekuambia uache dawa za daktari, au anayewasimamisha wageni kwa kichwa siku ya kwanza, usingoje kipindi kiishe.

Chumba hakihitaji uzuri. Kinahitaji sakafu isiyoteleza, hewa, na nafasi ya kunyoosha mikono pande zote bila kumpiga jirani. Sakafu ya mbao ina huruma kwa magoti; kama ni zege au vigae, beba blanketi la kukunja chini ya goti. Mikeka ya kuazima iwe na dawa ya kupangusia karibu yake.

Mkeka wako usiununue kabla ya kujaribu vipindi kadhaa. Ukifika wakati, unene wa milimita 4 hadi 6 unatosha wengi. Ile minene ya milimita 10 hadi 15 ni ya mazoezi ya kulala, na ukisimama juu yake kwa mguu mmoja kifundo hucheza. Urefu wa kawaida ni sentimita 173 hivi, mtu mrefu atafute wa 183 au zaidi. Nguo ziwe za kubana kiasi juu, maana fulana pana hukufunika uso ukiinama. Miguu huwa peku, soksi huteleza. Mlo mkubwa uwe umepita saa 2 hadi 3, na ukibanwa na njaa kula kitu kidogo saa moja kabla.

Kuhusu pesa, anza na kipindi kimoja au ofa ya wageni. Usisaini uanachama siku hiyo ya kwanza, hata kama punguzo linaisha usiku. Ukinunua kadi ya vipindi 10, uliza inaisha lini muda wake, kwani kadi ya vipindi 10 inayokufa baada ya miezi miwili inakudai vipindi zaidi ya kimoja kila wiki. Uliza kama unaweza kusimamisha uanachama ukiumwa, kama unajihuisha wenyewe kila mwezi, na notisi ya kujitoa ni ya siku ngapi. Majibu yawe kwenye maandishi. Darasa la mtandaoni huwa nafuu zaidi, lakini linafaa likiwa la moja kwa moja na kamera yako imewashwa, mwalimu akikuona mwili mzima kwa ubavu. Video iliyorekodiwa haiwezi kukuambia kwamba goti lako limeingia ndani.

Siku yenyewe fika dakika 15 mapema, maana studio nyingi hufunga mlango kipindi kikianza. Mwambie mwalimu kuwa ni mara yako ya kwanza na umtajie lile tatizo tena, ana kwa ana. Kaa safu ya kati. Mbele huna wa kumtazama mnapogeuka, nyuma humwoni mwalimu. Kipimo chako ni pumzi: ikianza kukatika au ukijikuta umeibana, rudi nusu ya mkao, na ukichoka piga magoti, kalia visigino, paji la uso chini. Usiondoke kabla ya kulala chali mwishoni, dakika 5 hadi 10, kwani ndizo za kutuliza moyo na pumzi.

Maumivu ya katikati ya misuli yanayokuja kesho yake au keshokutwa, pande zote mbili, yakapungua yenyewe, ni ya kawaida. Yanayochoma kwenye kiungo, yaliyo upande mmoja, yanayoshuka mguuni au kuleta ganzi kwenye vidole si ya kawaida, na ganzi ikiendelea au mguu ukipoteza nguvu mwone daktari. Mwalimu naye mweleze ni mkao gani ulioyaleta. Akikupa njia nyingine ya kuufanya, au akikuambia uuache, endelea naye. Akisema utazoea tu, vipindi vilivyobaki kwenye kadi vitumie kwa mwalimu mwingine.