Kumrudishia Mpinzani Maneno Yake kwa Kejeli

Katika mdahalo, kumwiga mpinzani kunafaa pale tu maneno yake yanapoficha jambo. Kama ameeleza vizuri, jibu hoja; ukimwiga utaonekana umeishiwa.

Anapozungumza, yaandike maneno yake vilevile, ukitafuta lile analolikimbilia akibanwa. Tuseme afisa ameulizwa mara tatu kuhusu shimo barabarani, na mara zote amejibu, "Tuko kwenye mchakato." Hilo ndilo. Usilitie chumvi: akisimama kusema, "Sikusema hivyo," na ikawa kweli hakusema, ukumbi umeshahamia kwake.

Kisha liweke kando ya shimo lenyewe:

"Mwaka jana lilikuwa la kutosha bakuli. Tukaambiwa mchakato. Masika yakaja, likatosha ndoo. Mchakato. Juzi bodaboda imezama gurudumu zima la mbele. Eti mchakato!"

Neno limerudi mara tatu, na "eti" imesubiri ya mwisho. Mara ya nne watu huchoka. Hapo nyamaza, wacheke, halafu uliza kwa sauti yako ya kawaida: kifusi kitamwagwa tarehe ngapi? Bila swali hilo umechekesha tu, na afisa atarudi kukaa bila kujibu chochote.

Angalia "eti" unaiweka wapi. "Eti afisa amesema mchakato unaendelea" yaweza kusikika kama tetesi, au kama unauliza. "Afisa amesema eti mchakato unaendelea" inabeza maneno yenyewe. Katika maandishi, ambako sauti haisikiki, ni muhimu zaidi.

Ukitaka kuiga na sauti, chukua kitu kimoja, mathalani kile kikohozi chake kabla ya kila jibu, basi. Nchini Kenya, kundi la Redykyulass lilimwigiza Rais Daniel arap Moi akiwa bado madarakani, lakini hilo ni jukwaa la vichekesho; mdahalo hauna nafasi ya kumwigiza mtu mzimamzima.

Kigugumizi usikiguse, wala lafudhi ya kabila. Anayechanganya "r" na "l" ana wenzake ukumbini, nao watajiona ndio wanaochekwa. Na mpinzani akiwa amekuzidi umri, rudisha maneno, sauti iache. Watu wakishaanza kunong'ona "huyu hana adabu," shimo limesahaulika.