Picha ya kondoo si cheti: kula chungu cha kondoo China bila kujuta

Wajomba na mashangazi wanaokuja Guangzhou na Yiwu kujaza kontena, na vijana wanaotua Beijing kwa masomo, hutumbukia shimo lile lile. Wanatafuta chungu cha kondoo, supu inayochemka mezani ambamo walaji hutumbukiza vipande vya nyama, na wakiona bango lina picha ya kondoo, wanaingia na kukaa. Kwetu bucha linajulikana na mchinjaji anajulikana, hakuna anayeuliza. China, uliza. Mgahawa wa nyama ya kondoo unaweza kuuza nguruwe kwenye menyu ile ile, na akapikwa kwenye chungu kile kile.

Kinachothibitisha kwamba chakula ni halali ni herufi mbili tu: 清真, huandikwa "qingzhen" kwa herufi zetu na zinatamkwa kama "chingjen". Ziangalie juu ya mlango, kisha kwenye kibao karibu na kaunta. Usihangaike kutafuta neno halali kwa Kiarabu, maana mwaka 2019 migahawa ya Beijing iliamriwa kuondoa maandishi ya Kiarabu. Hifadhi herufi hizo kwenye simu kabla hujapanda ndege. Na jua kwamba 清真 haina maana hakuna pombe. Mingi ya migahawa hiyo huuza bia.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa ninyi mnaotegemea programu ya kutafsiri. Ukimwambia mhudumu "wo bu chi zhurou", yaani sili nguruwe, anaelewa kwamba huipendi, kama mtu asiyependa bamia. Hataleta sahani ya nguruwe. Lakini ataleta vidonge vya nyama ya samaki vilivyochanganywa na mafuta ya nguruwe, ataleta soseji, na supu ikiwa imechemshwa kwa mifupa hataitaja. Hajakudanganya, amejibu ulichouliza. Tena katika Kichina "rou", nyama, likisimama peke yake watu husikia nguruwe, kuuliza "kuna nyama ndani?" hakukusaidii kitu. Swali ni moja: "Qingzhen ma?" Jibu likichelewa, inuka uende.

Chungu ni kimoja. Mwenzako akitumbukiza kipande kimoja cha soseji, supu yote imekwisha kwako. Vipo vyungu vidogo vya mtu mmoja mmoja, lakini meza ya michuzi ni ya wote, na upawa mmoja huzunguka mabakuli yote. Narudia: picha ya kondoo si cheti. Beijing, nendeni mtaa wa Niujie, kwenye msikiti uliojengwa mwaka 996, ambako Wahui, Wachina Waislamu, wanauza kondoo pande zote. Donglaishun, jina kubwa kuliko yote katika chakula hiki, nayo ilianzishwa na Mhui, mwaka 1903.

Hata asiyejali uhalali ana mtego wake. Menyu huwa na aina mbili: "yangroujuan", mikunjo ya nyama iliyogandishwa na kukatwa kwa mashine, na "shouqie", iliyokatwa kwa kisu. Ile ya mikunjo ndiyo rahisi, na ndiyo inayochezewa. Mwaka 2013 polisi wa China walitangaza genge lililouza nyama ya mbweha na panya kwa jina la kondoo. Tazama ikichemka: nyama halisi hubaki kipande kimoja, mafuta yakiwa yameshikana na nofu, iliyobandikwa kwa vipande humeguka, nyeupe huku na nyekundu kule. Iliyokatwa kwa kisu ikiwa mbichi hushika sahani, ukiinamisha haianguki. Agiza hiyo. Uti wa mgongo wa kondoo huuzwa kwa "jin", nusu kilo, si kilo. Wengi huona bei wakadhani ni ya kilo, bili inakuja mara mbili.

Kuagiza ni kwa msimbo wa QR ulio mezani, na kila aliyeskani anaongeza kwenye oda moja. Hesabuni pamoja kabla ya kutuma. Malipo ni kwa programu za simu, WeChat au Alipay. Kadi ya nje inaunganishwa, ila ukivuka yuani 200 kuna makato ya asilimia 3. Supu, mchuzi na vyombo vilivyofungwa kwa nailoni mara nyingi hulipiwa kando.

Chungu cha Beijing ni cha shaba, kina bomba katikati lenye mkaa, na supu ni maji tu yenye tangawizi, kitunguu cha majani na kunazi. Ladha yote iko kwenye mchuzi: vijiko vitatu vya ufuta uliosagwa, kimoja cha tofu (jibini ya soya) nyekundu iliyochachushwa, nusu ya maua ya vitunguu yaliyosagwa. Hivi viwili vya mwisho vina chumvi kali, na tofu hiyo kwa kawaida huchachushwa kwa pombe ya mchele, uliza. Anza na mafuta ya mkia ili supu inone, halafu nofu: ishike kwa vijiti, itikise ndani ya maji yanayochemka, nyekundu yote ikigeuka ndipo uitoe. Matumbo hufuata, kisha kabichi na tambi. Vijiti vya nyama mbichi visiende mdomoni. Na kama chumba ni kidogo, fungueni dirisha. Mkaa ni ule ule unaoua watu kwetu wakilala na jiko ndani.

Wachina ni wakarimu kuliko wanavyosemwa nyumbani, lakini ukarimu wao ni wa kulisha. Mwenyeji atakuwekea nyama bakulini bila kukuuliza, na kukataa mbele ya wageni wake kunamvunjia heshima. Kwa hiyo sema siku anapokualika, si mezani. Mtumie herufi mbili zile, na jina la mgahawa ulioutafuta wewe mwenyewe.