Mwili umekaa miaka 40 bila jina: unavyotafutwa kwa DNA ya ukoo

Kwanza kabisa, kama umekuta mifupa mahali usiguse kitu, piga simu polisi, hiyo kesi ni ya kwao na ya daktari wa uchunguzi wa maiti, sisi watu wa koo tunaingia wakituita. Hii naandika kwa wale wanaopenda kuchimba ukoo na wanajiuliza inakuwaje mtu amezikwa bila jina enzi hizo halafu leo anapewa jina lake. Mifano itakuwa ya Marekani na Australia maana huko ndiko kazi hii imekolea, kule Marekani kuna hadi kikundi cha kujitolea, DNA Doe Project, tangu 2017.

Elewa kwanza ni DNA gani. Ile ya kawaida ya kulinganisha maiti na mama au mtoto inaangalia sehemu chache, mfumo wa FBI unaoitwa CODIS unatumia 20 tu, na inatosha kabisa kama ndugu amejitokeza, ndivyo ilivyofanyika Kenya kwa miili iliyofukuliwa msitu wa Shakahola, familia zilikuja kutoa sampuli. Sasa kama hakuna aliyejitokeza hizo 20 zinalinganishwa na nani? Hapo ndo unahitaji alama laki kadhaa za DNA, zinazoonyesha hata ndugu ambao mmeachana vizazi vinne vitano huko nyuma.

Sampuli inatoka kwenye jino, mfupa wa paja, au ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio. Ukikaa sana ardhini mfupa unajaa bakteria kwa hiyo DNA kubwa inayosomwa sio ya mtu, maabara inahangaika kuichuja, na hapo ndipo hela nyingi inapoenda. Mwisho wa siku wanakupa faili inayofanana na ya mtu yeyote aliyetema mate kwenye kichupa cha kupima ukoo. Faili inaaplodiwa GEDmatch na FamilyTreeDNA, tovuti za kulinganisha DNA za watu waliojipima wenyewe. Ancestry na 23andMe, kampuni kubwa za kupima DNA, ndio wana watu wengi zaidi ila hawataki kesi za polisi, kwa hiyo unavua kwenye dimbwi dogo, zoea.

Linakuja orodha la mechi, yaani watu wenye DNA inayofanana na ya marehemu, kila mmoja na kiasi anachochangia naye kwa sentimogani, kipimo cha DNA ya pamoja. Mtoto wa mjomba au shangazi wastani ni 866 hivi, kama babu zenu walikuwa ndugu ni kama 229, kama babu za wazazi wenu ndo walikuwa ndugu inashuka hadi 73, na hapo wengine hawachangii chochote kabisa japo ni ndugu wa kweli. Usichukue namba moja ukaapa nayo. Nyingi utakazopata ni za 40, 60, 90, yaani watu ambao hata wakikutana msibani hawajuani.

Halafu panga makundi, hapa usiwe na haraka. Tuseme juu kabisa una A mwenye 95, B mwenye 70 na C mwenye 62. Unauliza mfumo, A na B wanamechi wenyewe kwa wenyewe? Ndiyo. A na C? Hapana. Basi A na B wapake rangi moja, C yake nyingine, endelea hivyo hadi chini. Ukibahatika rangi zinasimama nne, moja kwa kila babu na bibi wa marehemu. Kila kundi unalijengea mti kwenda juu hadi uone wote wanakutana kwa mume na mke fulani, labda wa miaka ya 1850, na hao ni mababu wa marehemu pia, au angalau wa ukoo wake.

Ukishawapata unageuka unashuka. Watoto wao wote, wajukuu wote, walioa wapi, walihamia wapi. Hii ndo kazi yenyewe na haina ujanja, ni sensa, vyeti vya ndoa na hasa matangazo ya tanzia kwenye magazeti, maana tanzia ya Mmarekani inataja kila kitu, "ameacha binti fulani wa mji fulani", bibi mmoja akifariki anakupa vizazi vitatu kwa aya moja. Unachotafuta ni ndoa, mahali ambapo mtu wa kundi la kwanza kaoa kundi la pili. Ukiipata hiyo ndoa, angalia watoto wao mmoja mmoja, na yule ambaye kumbukumbu zinakatika ghafla, hana cheti cha kifo, hayupo kwenye tanzia ya mama yake, ukae naye.

Muda unategemea bahati. Msichana aliyekutwa Miami County, Ohio, Aprili 1981, amevaa jaketi la ngozi ya kulungu, alipatikana jina 2018 ndani ya masaa machache tu baada ya faili kuingia, kwa sababu kulikuwa na ndugu wa karibu mle ndani. Yule mwanaume wa ufukwe wa Somerton kule Adelaide, Australia, aliyekutwa amekufa Desemba 1948, profesa Derek Abbott na mtaalamu wa koo Colleen Fitzpatrick walitumia nywele zilizonasa kwenye sanamu ya plasta ya uso wake na wakajenga mti wa watu kama 4,000 ndio wakafika kwa Carl Webb, mzaliwa wa Footscray 1905, mtu ambaye hawakuona kumbukumbu yoyote ya kifo chake. Raha zaidi, tai kwenye sanduku lake iliandikwa Keane, na shemeji yake Webb aliitwa Keane.

Yatakayokukwamisha: jamii zinazooana binamu kwa binamu, kama familia nyingi za pwani yetu, namba zinapanda na mtu wa mbali anaonekana wa karibu. Watoto wa kulea, na baba wa kwenye karatasi ambaye sio baba wa damu. Na marehemu akiwa Mwafrika mechi zinakuwa chache sana, kwa sababu waliojipima wengi ni wenye asili ya Ulaya, hili linaniuma kweli.

Ukipata jina nyamaza. Usimpigie ndugu, usimtafute Facebook. Unawapa polisi, wao wanaomba sampuli kwa dada au mtoto na kulinganisha moja kwa moja, au meno, ndipo jina linakuwa jina. Mpaka hapo ulichonacho ni fununu nzuri.

Na kama ni wewe una ndugu aliyepotelea Marekani, karipoti polisi wa huko, waambie aingizwe NamUs, kanzidata ya Marekani ya watu waliopotea na miili isiyo na majina, kisha pima wazee kwanza, bibi na shangazi kabla yako, maana wao wako kizazi kimoja au viwili karibu zaidi na mababu. Kama walipimwa Ancestry, dauniloadi faili lao ghafi uliaplodi GEDmatch, ni bure, ila soma vizuri ile sehemu ya kuchagua nani aruhusiwe kulilinganisha, na ukiliacha kwenye faragha kabisa halitaonekana na mtu.