Kupanda Azalea Fupi Zisizopukutisha Majani

Anayeishi Virginia, Carolina Kaskazini au Georgia, nchini Marekani, huviona vichaka vya maua viitwavyo azalea kila Aprili mbele ya nyumba za watu, maua yamesongamana hata majani hayaonekani. Kwa bustani ndogo ninapendekeza zile za kundi la Kurume, ambazo hubaki na majani wakati wa baridi na hukua polepole. Asili yake ni mji wa Kurume, kisiwani Kyushu, Japani, ambako mtaalamu wa mimea Ernest Wilson alifika mwaka 1918 akachagua aina 50 zilizopelekwa Arnold Arboretum, bustani ya miti mjini Boston. Zinazopatikana kwa urahisi leo ni pamoja na 'Coral Bells' ya rangi ya waridi na 'Hino Crimson' iliyo nyekundu.

Jambo la kulielewa kwanza ni mizizi yake. Ukiuvua mche kwenye kopo utakuta mizizi membamba kama nywele, imezunguka na kushikamana hata bonge zima linafanana na kipande cha blanketi. Usiupande hivyo. Lichanue bonge kwa vidole, au likate kwa kisu pande tatu au nne kutoka juu hadi chini, kwa sababu mizizi isiyofunguliwa huendelea kuzunguka humo humo na mche hufa kwa kiu ilhali udongo wa pembeni umelowa. Mche wangu wa kwanza ulikufa hivyo: nilipoung'oa baada ya kiangazi kimoja, bonge lilitoka na umbo lile lile la kopo, kavu kabisa.

Mizizi hii haishuki mbali na haivumilii kutuama kwa maji. Chimba shimo lenye upana mara mbili au tatu ya bonge, ila kina chake kiwe pungufu kidogo, ili uso wa bonge ubaki sentimita 3 hadi 5 juu ya ardhi, hasa penye udongo wa mfinyanzi. Kisha tandaza magome au majani makavu ya msonobari kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kuyagusisha shina, na usilime kwa jembe karibu na mche.

Udongo uwe na tindikali, pH (kipimo cha tindikali, ambacho kikipanda tindikali imepungua) kati ya 4.5 na 6. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mara nyingi mche unakosa madini ya chuma kwa sababu pH imepanda, jambo linalotokea sana karibu na kuta za saruji. Hapo salfa ya bustani husaidia. Chokaa na majivu huzidisha tatizo.

Chagua mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwa kuwa kwenye jua kali wadudu wadogo hufyonza majani hadi yakawa na madoadoa meupe. Geuza jani uone vinyesi vyao vyeusi chini yake. Wenye mbuzi, mbwa au watoto wadogo wakumbuke kwamba mmea wote una sumu.

Kupogoa kufanyike mara tu maua yanapokwisha, na kusivuke mwanzo wa Julai. Matumba ya mwaka ujao huanza kujijenga kiangazi hicho hicho kwenye ncha za matawi, kwa hiyo anayekata mwezi Oktoba anayakata maua ya Aprili.