Umekosea fomu ya PIP? Rekebisha kabla ya siku ya tathmini
Kwa wenzangu mlioko Uingereza mnaoomba PIP, ile posho ya ulemavu: ukigundua umekosea au umesahau jambo kwenye fomu, usikae kimya ukitumaini mtathmini atajielewea mwenyewe. Andika barua fupi yenye jina lako na namba ya bima ya taifa, taja swali lenyewe, kisha sema wazi: "Niliandika kwamba napika mwenyewe. Sahihi ni kwamba siwezi kuinua sufuria ya moto bila mtu karibu." Itume mapema, ubaki na nakala. Siku yenyewe litaje kosa hilo mwanzoni, kabla hujaulizwa.

Kubwa zaidi ni hili. Haipimwi kama unaweza kufanya jambo mara moja ukijikaza. Unahesabiwa unaliweza pale tu unapolifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila linapohitajika kurudiwa, na bila kuchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na tatizo lako. Tena huangaliwa hali yako ilivyo katika siku nyingi, yaani zaidi ya nusu ya idadi ya siku, si siku moja tu. Kwa hiyo ukiulizwa "Unaoga mwenyewe?" usiseme "ndiyo" ukaishia hapo. Eleza unavyoshikilia ukuta, na unavyolazimika kulala baadaye. Wengi wetu tumelelewa kutolalamika, lakini hapa kunyamaza kunakunyima haki yako.

Unaruhusiwa kwenda na mtu. Na uamuzi ukija vibaya, una mwezi 1 wa kuomba uangaliwe upya.