SAT au ACT? Jipime kasi kwanza

Ndugu zangu mnaoomba vyuo vya Marekani, msipoteze usingizi mkitafuta mtihani upi wa kuombea chuo, SAT au ACT, una heshima zaidi. Vyuo vinavyotaka alama hupokea wowote kati ya hiyo miwili. Cha kuangalia ni kasi yako. SAT ya sasa ina maswali 98 kwa saa 2 na dakika 14. ACT mpya, bila sehemu ya sayansi ambayo sasa ni hiari, ina maswali 131 kwa dakika 125: hata dakika nzima kwa swali hupati. Kama unasoma Kiingereza kwa utulivu, mimi ningekuelekeza SAT.

Ila usiamue kwa kusikia. Pakua programu ya Bluebook, ni bure, ufanye jaribio zima la SAT huku ukijipimia muda. Wiki inayofuata fanya la ACT, nalo lipo bure kwenye tovuti yao. Linganisha alama kwa jedwali rasmi, kisha ushike mmoja tu.

Na kabla ya kulipa ada, soma masharti ya kila chuo: MIT wanadai mtihani, University of California hawaziangalii alama hizo wanapochagua wa kudahili.